Lawama Aliyoibeba Mzee Bandali

Nasim alikuwa amefika pale ambapo wageni huanza kutafuta leso.

"Basi Lady Dorothea akaolewa," alisema, akiwageukia watu kumi na wanne waliosimama mbele ya picha kubwa ya rangi za mafuta. "Akaolewa na Sir Ambrose, mtu mzima aliyekwisha kuzika wake wawili. Na yule kijana Tobias, karani wa baba yake, ambaye Dorothea alimpenda tangu ana miaka kumi na saba, akapakiwa melini akapelekwa ng'ambo. Hawakuonana tena."

Aliyasema haya kwa Kiingereza, kama alivyoyasema mara nne kwa siku kwa miaka kumi na moja, katika jumba la Wexcombe, magharibi ya London, karibu na mto. Kisa alikuwa amekizoea kama mtu anavyozoea mambo ya shangazi yake. Alijua kwamba Dorothea alikuwa binti wa Earl, mtu mkubwa enzi za Mfalme James. Alijua kwamba baba yake alimfungia ghorofani siku arobaini mpaka akasema ndiyo. Alijua majina ya watoto wake tisa, na watano kati yao waliozikwa kabla ya kujua kufunga viatu, na wavulana wawili waliogombea mashamba mpaka wakawa wanasalimiana kwa barua za mawakili.

"Lakini dunia duara," aliendelea. "Yule baba akaanguka. Akapoteza cheo, akapoteza mali, miguu ikamvimba asiweze kutembea. Akaja kugonga mlango huu mlioingilia nyinyi leo. Lady Dorothea akampokea. Akampa chumba chenye joto kuliko vyote, akamlisha kwa mkono wake, akamwosha miguu. Miaka saba. Na katika miaka hiyo saba hakumsemesha hata neno moja."

Mama mmoja wa Kanada akapenga kamasi. Nasim akangoja kidogo, kama alivyozoea, ndipo akasema, "Tafadhali, tuelekee maktaba."

"Samahani," ilisema sauti ya mwanamume kutoka nyuma. "Alimsamehe?"

Nasim aliijua sauti ile kabla hajainua macho. Aliijua kwa ule upole wake, na kwa namna ilivyosita kabla ya neno la mwisho, kana kwamba mwenyewe anaogopa jibu. Alipoinua macho alimwona amesimama karibu na dirisha, suti ya kijivu, miwani, mvi zimemwingia kando ya masikio, beji ya mkutano imening'inia kifuani. Evodius.

Watu kumi na watatu walikuwa wakimsubiri.

"Barua zilizobaki hazisemi, bwana," alijibu.

Namna alivyoimaliza ile ziara, Mungu ndiye ajuaye. Aliwaonyesha wageni maktaba, akawaonyesha jikoni, akasahau kabisa kuwaonyesha ngazi za marumaru. Alipowafikisha mlangoni na kuwashukuru, mmoja hakutoka.

"Hujambo, Nasim," Evodius alisema kwa Kiswahili.

"Sijambo. Hujambo, Evo."

Jina lile lilimtoka lenyewe. Hakuwa amelitamka kwa sauti tangu mwaka sabini na mbili, na sasa ilikuwa tisini na moja.

Teresia, Mkenya wa dirisha la tiketi, aliwatazama wawili hao kwa zamu, akaelewa alichokielewa. "Enda tu, mama," alimwambia Nasim. "Hao wageni wa saa nane nitawashika mimi."

*

Walikaa kwenye benchi la bustani, katikati yao pengo la kutosha kukalisha mtu wa tatu. Ndege za Heathrow zilipita juu yao kila baada ya dakika chache, na kila zilipopita walinyamaza wote wawili, wakashukuru kimoyomoyo kupata sababu ya kunyamaza.

"Umejuaje kama niko hapa?" Nasim aliuliza.

"Nilikwenda Rayners Lane. Kuna duka la viungo karibu na stesheni, mwenyewe anaitwa Bhanu. Nilimuuliza kama anaifahamu familia ya Mzee Bandali kutoka Unguja. Akanipa habari zenu zote kabla sijanunua hata bizari."

Nasim akacheka kidogo. "Bhanu huyo hana siri. Basi amekwambia na habari za Amirali?"

"Ameniambia. Pole sana. Ni muda gani?"

"Miaka mitatu sasa. Moyo. Alikuwa mume mwema, Evo. Hakunikosea kitu. Tuna binti mmoja, anasoma Manchester. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Na wewe?"

"Nina mke, Generosa. Watoto wanne." Alilisema jina la mkewe waziwazi, kama mtu anayeweka kitu mezani ili kionekane. "Nimekuja kwa mkutano wa watunza nyaraka. Jumapili jioni ninarudi Dar."

Nasim alitazama mikono ya Evodius. Ile ile. Mikono iliyokuwa ikipenyeza shilingi chini ya kioo cha posta ndogo ya Hounslow, wakati yeye ana miaka ishirini na mbili na kazi yake ni kuuza stempu. Kijana yule mwanafunzi kutoka Bukoba alinunua stempu moja moja, kila siku moja, mpaka mkuu wa posta akauliza kama huko kwao ana ndugu elfu. Miaka miwili walipendana. Walitembea pembezoni mwa mto mpaka viatu vikaisha soli. Kisha Evodius akamaliza masomo, akataka kumwoa na kurudi naye nyumbani, na jibu alilolipata lilikuwa barua ya mistari miwili: *Baba amekataa. Usije tena nyumbani, nisamehe.*

"Nasim, sikuja kukuona wewe tu," Evodius alisema. "Nina jambo limenikaa hapa." Aligusa koo. "Nilitaka kumwambia baba yako mwenyewe. Bhanu ameniambia nimechelewa."

"Baba amefariki mwaka wa themanini na sita."

"Ndiyo. Basi itabidi nikuambie wewe."

Ndege ikapita. Evodius akaingojea mpaka ikaisha sauti.

"Mwaka themanini na tatu alikuja ofisini kwangu Dar es Salaam. Hakujua kama ni kwangu. Alikuwa akitafuta kaburi la mama yako. Makaburi yalikuwa yamepangwa upya, vibao vimeng'olewa, hajui alipolala mkewe. Mtu akamwambia kuna daftari la zamani la maziko, liko kwenye nyaraka. Akaelekezwa kwangu." Alivua miwani, akaifuta bila ya sababu. "Aliingia na fimbo, Nasim. Kanzu nyeupe, koti juu. Nilimtambua mara moja, na yeye akanitambua. Alinitazama, akatabasamu. Alitabasamu! Na mimi nikasema moyoni, ee mzee, leo wewe ndiye unayeomba."

"Evo..."

"Ngoja. Nikiachia njiani sitaweza tena. Nilimwambia daftari halipo. Nikamwambia limepotea. Na lilikuwa kabatini, nyuma ya kiti changu. Ningegeuka tu, ningelitoa. Alisimama pale, akaniuliza, 'Hakuna njia nyingine, baba?' Nikasema hakuna. Akasema, 'Ahsante, Mungu akuzidishie.' Akatoka. Nilimsikia anashuka ngazi polepole, fimbo yake ikigonga kila ngazi. Na niliona raha. Niliona raha mpaka jioni. Kesho yake nikatuma mtu kumtafuta hotelini, akaambiwa ameshaondoka."

Alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka katika lile pengo baina yao.

"Hiyo ni nakala ya ukurasa. Sherbanu mke wa Bandali, mwaka sitini na sita. Nambari ya kaburi na mstari wake. Nimepita pale mwenyewe, nimeliona, lipo. Nimeleta kwa mwenyewe, mwenyewe hayupo. Alinichukulia wewe, Nasim, hilo nilimhesabia miaka yote. Lakini hata hivyo haikuwa haki kumnyima mzee kaburi la mkewe. Nakuomba radhi wewe badala yake."

Nasim hakuigusa bahasha. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, nimekusamehe, ahsante kwa kuja, na mtu huyu angepanda basi akarudi kwa Generosa wake na moyo mwepesi. Wala hakuna ambaye angejua. Ndivyo alivyofanya siku zote.

"Evo," alisema. "Baba hakukataa."

"Sijakuelewa."

"Hakukataa. Hakukunyima mtu."

Evodius alimgeukia taratibu.

"Nilipompelekea habari zako alighadhibika, kweli. Alivunja kikombe. Akasema Mkristo, tena mtu wa bara, jamaa watasema nini. Wiki nzima hakula na sisi. Kisha siku ya Ijumaa aliniita, akanikalisha karibu yake. Akaniambia, 'Huyu kijana wako amekuja mara tatu, akasimama nje kwenye baridi mpaka nikamfungulia. Mtu kama huyo hakutupi. Kama ndiye umtakaye, mwite, tuzungumze.' Maneno yake hayo. Sijaongeza hata moja."

"Na ile barua?"

"Nimeiandika miye. Kwa akili zangu."

Mbali kidogo mtunza bustani alikuwa akikata majani, na mashine yake ilisikika ikienda na kurudi.

"Kwa nini?" Evodius aliuliza, na sauti ilikuwa ya yule mwanafunzi wa stempu.

"Ulitaka turudi. Kila siku ulinihadithia nyumba utakayonijengea, miti utakayoipanda. Na miye kila uliposema 'nyumbani', mikono ilikuwa ikinitetemeka, nikaificha mifukoni usiione. Tuliondoka Unguja nina miaka kumi na sita, tuna nguo za mwilini tu. Mama akatufia Dar, hata kuzoea mtaa hajazoea. Siku tuliyopanda ndege kuja huku niliapa, sirudi tena. Nilikuwa naogopa, Evo. Si wewe. Kurudi."

"Ungeniambia! Ningebaki."

"Ndiyo. Ungebaki. Ungeacha kazi uliyoahidiwa, ungeacha wazee wako, ungefagia stesheni hapa kwa ajili yangu, na siku moja ungenitazama kwa jicho jingine. Hilo pia nililiogopa. Kila upande niliogopa."

"Kwa hiyo ukamtwika mzee wako."

"Alijitwika mwenyewe." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, akayaacha. "Alinikuta jikoni nalia, karatasi mbele yangu, siwezi kuandika. Akasema, 'Mwambie mimi ndiye niliyekataa. Mimi mtu mzima, lawama hainiui. Wewe bado kijana, asije mtu akakuona mwoga.' Na mimi nikakubali. Tena si kwako tu. Ndugu, majirani, hata kaka yangu Shiraz, wote nikawaacha waamini kwamba Baba ndiye aliyenitenga nawe. Shiraz alimnunia mwaka mzima. Baba anapita sebuleni, Shiraz anainuka anatoka. Na miye nipo, naona, nasonga ugali."

Evodius alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti.

"Alipotoka Dar," alisema bila kuinua kichwa, "alikuambia nini?"

Hili ndilo Nasim alilolihofia.

"Alisema, 'Nimemwona Evodius. Amenenepa, ana ofisi kubwa, alhamdulillahi.' Nikamuuliza, ulimwambia? Akasema, 'Siri yako si yangu kuigawa.' Kuhusu kaburi alisema tu daftari halikuonekana. Lakini nilijua, Evo. Nilimtazama usoni nikajua kwamba umemlipizia. Alikuwa na miaka mitatu ya kuishi, na kila ulipofika mwezi aliofariki mama, akimsomea Fatiha, alikuwa akisema, sijui hata naielekeza wapi. Ningekuandikia barua moja tu. Mistari miwili mingine. Ungelitoa lile daftari siku ileile."

"Ningelileta kwa mikono yangu," Evodius alisema. "Ningempandisha ngazi zile mgongoni."

"Najua."

"Huyo mwanamke wako wa kwenye picha," alisema akiinuka, na sasa sauti yake ilikuwa na makali, "alinuna miaka saba, na alikuwa na sababu. Mimi nimemchukia mtu miaka kumi na tisa, Nasim. Nimelala na chuki yake, nimeamka nayo. Nilimwoa Generosa nikiwa nayo. Mtu ambaye hakunikosea kitu! Aliyesema niitwe tuzungumze!"

"Nihukumu upendavyo. Sina la kujitetea."

"Mimi nikuhukumu? Mimi niliyekuwa na kabati nyuma yangu?" Alicheka kicheko kisicho na furaha, kikafa. Alisimama akitazama jumba kubwa lile na madirisha yake mengi. Kisha akauliza, kwa upole ule wa zamani, "Ulinipenda?"

"Nilikupenda. Mpaka leo sijui kumpenda mtu kwa namna ile. Amirali nilimpenda kwa heshima, akastahili. Wewe nilikupenda kama mtu aliyeshikwa na homa, na nikaogopa."

Evodius alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayepokea mzigo na kuupima. Akaondoka bila ya kuaga. Alitembea njia ya changarawe mpaka karibu na lango, Nasim akimfuata kwa macho, akijua kwamba safari hii hana barua ya kuandika wala baba wa kumsingizia.

Langoni aligeuka. Hakurudi, alipaza sauti tu.

"Amezikwa wapi?"

*

Jumamosi Nasim alimwendea kaka yake. Shiraz alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akasimama dirishani amempa mgongo. "Hata kwenye jeneza sikumbusu uso," alisema. Akamwomba aende zake, na Nasim akaenda. Hakuwa na neno la kumfariji, kwa sababu kila neno lililomjia lilikuwa la kujifariji mwenyewe.

Jumapili kulikuwa na manyunyu. Makaburi ya Waislamu yako nje ya jiji, mwendo wa saa nzima kwa treni, na kuanzia stesheni mtu hutembea kwa miguu. Nasim alifika mapema, akapangusa majani yaliyoganda kwenye jiwe la baba yake, akasoma alichokisoma. Alipoinua kichwa alimwona Evodius anakuja, koti la mvua, mkononi begi la safari, maana kutoka pale angekwenda moja kwa moja uwanja wa ndege.

Hawakupeana mikono.

"Nilidhani hutakuja," Nasim alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nimefika stesheni asubuhi nikaacha treni mbili zikapita." Aliweka begi chini kwenye majani mabichi. "Jiwe la mama yako nitalisimamia mimi. Nina fundi. Niandikie unachotaka kiandikwe."

Nasim alitoa karatasi aliyokwisha kuiandika, akampa. Jina la mama, jina la baba, tarehe mbili.

"Lakini usimwambie fundi alisimike," alisema. "Aliandae tu. Nimeomba likizo mwezi wa nane. Nitakuja mwenyewe."

Evodius alimtazama. "Dar?"

"Dar. Na Unguja, kama miguu itakubali. Nitakuja na Shiraz, akinikubali." Alijaribu kutabasamu. "Generosa umwambie ukweli wote. Sitaki kuja nyumbani kwa mtu nimejificha."

"Nilimpigia simu juzi. Nimemwambia yote, hata la kabatini. Alilia. Alimlilia mzee, si mimi."

Mvua ilizidi kidogo. Nasim alifungua mwavuli, akaunyoosha umfunike na yeye, na kwa dakika moja walisimama karibu kama walivyokuwa wakisimama pembezoni mwa mto, bega kwa bega, wazee wawili sasa wa miaka arobaini na kitu. Alisikia pumzi zake. Alikumbuka kila kitu, na kila kitu kilikuwa kimepita, kila mmoja alijua hivyo, wala hakuna aliyesogea kubadili.

Kisha Evodius akatoka mwavulini. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani, akasogea mpaka miguuni pa kaburi. Mvua ikamnyea kichwani, kwenye zile mvi, na miwani ikajaa matone, hakuifuta. Alitaka kusema maneno mengi, ilionekana. Mwishowe akainama, kama kijana anavyomwinamia mkubwa wake mlangoni.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Upepo ulipita katika miti. Nasim alimtazama mgongo wake ulioinama, ambao hautanyooka mpaka upate jibu, akaelewa kwamba ni yeye peke yake aliyebaki wa kulitoa.

"Marahaba," aliitikia kwa niaba ya baba yake. "Marahaba, mwanangu."